Hongera, Mama wa Manukato

Basi likisimama Isebania, mpakani, wenzangu hukimbilia chai au kubadilisha fedha. Mimi humtafuta mama wa manukato. Huvuta mafuta kutoka chupa kubwa kwa bomba la sindano, akanipaka tone moja kwenye kifundo cha mkono. "Usinuse kwanza, mwanangu. Subiri litulie." Harufu ya mwanzo hupita upesi, inayobaki ndiyo yenyewe.

Tone likitulia, naiona Pemba: karafuu zimeanikwa juani juu ya majamvi, na kule Wawi makonyo yake yanatolewa mafuta kwa mvuke. Tone jingine ni Unguja jioni, asumini na mlangilangi. Udi wake, uliopikwa kwa sukari na marashi, hunirudisha kwa shangazi, chetezo kikifuka chini ya kanga.

Huko Oman, kampuni ya Amouage inatengeneza manukato tangu 1983, na ni ghali mno. Hapa, hatua chache kutoka Sirari, msafiri aliyejaa vumbi huipata pwani nzima katika kichupa kinachoenea kiganjani. Kazi hii naiheshimu kwa dhati. Hongera, mama. Cha karafuu nimekifunga kwenye leso, tunakwenda nacho Homa Bay.