Tusiisingizie Dhoruba

Ndugu msomaji, hebu zitazame hadithi za wazamiaji tunazoandika sisi chipukizi. Kijana anatoroka kwao, wakala anamla pesa, boti inajaa maji, dhoruba, kilio, basi. Fani inapendeza, lakini maudhui yana tundu.

Mimi mwenyewe nimo. Hapa Utende nilimsomea mzee mmoja, nahodha wa zamani, sura ya riwaya yangu ambamo vijana wanakufa maji bahari ya Mediterania. Akanikatiza: "Mwanangu, siku zote hizo hawakuonekana na mtu? Aliyewaona alifanya nini?" Nikanyamaza. Kitabuni mwangu mkosaji ni upepo tu.

Ikabidi nisome. Machi 2011 boti ya mpira iliondoka Tripoli na watu 72, wengi wao Waethiopia. Walipiga simu kuomba msaada. Kituo cha uokoaji cha Roma kilijua walipo, kikavitangazia vyombo vya baharini. Helikopta ya jeshi ikawashushia maji na biskuti, ikaenda zake, haikurudi tena. Boti ilielea wiki mbili mpaka bahari ikairudisha Libya. Walionusurika ni 9. Jamani, hiyo nayo ni dhoruba?

Wajibu upo kwenye maandishi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, unataka nahodha awaokoe walio hatarini, na serikali za pwani ziwe na huduma ya uokoaji. Tanzania nayo imeuridhia, kwa hiyo tusiwanyooshee kidole Wazungu peke yao. Tena inawezekana: kuanzia Oktoba 2013, baada ya maafa ya Lampedusa, wanamaji wa Italia waliokoa watu zaidi ya 100,000 kwa mwaka mmoja. Kisha operesheni ile ikasitishwa.

Abdulrazak Gurnah, katika By the Sea (2001), ameipa serikali sura ya mtu: afisa wa Gatwick anayemhoji mkimbizi mzee wa Zanzibar na kumchukulia kisanduku chake cha udi. Lakini mzee yule alifika kwa ndege. Hadithi ya boti ametuachia sisi, na sisi serikali tumeisahau nchi kavu.

Sura yangu nimeichana, naianza upya. Nawe mwenzangu, kabla hujamzamisha mhusika wako, jiulize: siku ile zamu ilikuwa ya nani?