Ku- na Mzunguko wa Kiingereza

Katika madaftari ya wanafunzi wa Uganda twakutana mara kwa mara na sentensi hii: "Aliacha kumsalimu mwalimu." Mwandishi amekusudia kwamba mtu yule alisimama njiani ili atoe salamu, Kiswahili kimemfanya mtovu wa adabu. Lawama twaipeleka kwa vitabu vifundishavyo lugha yetu kwa kupitia Kiingereza, ambavyo huandika kwamba kusoma ni "to read", kisha vikanyamaza.

Kiingereza kina maumbo mawili, "stopped to greet" na "stopped greeting", na maana hugeuka kwa umbo. Sisi tuna ku- moja; maana twaitenga kwa kitenzi kitanguliacho: alisimama kumsalimu, aliacha kumsalimu. Vivyo hivyo, "kumbuka kufunga mlango" ni agizo. Aliyekwisha kuufunga husema "nakumbuka niliufunga".

Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliipa ku- ngeli yake, na ilistahili. "Kusoma kwake kunapendeza" ni jina kamili lenye upatanisho. "Kukisoma kitabu" hubeba yambwa kama kitenzi chochote. Ajabu ni kwamba Mganda ana okusoma nyumbani kwao, na Mnyarwanda ana gusoma, maneno yafanyayo kazi hizo hizo mbili. Kwa nini basi tumzungushe hadi London ndipo arudi Kampala? Atakayetunga kitabu kingine kwa shule za huko na aanzie kwenye okusoma, Kiingereza akiweke kurasa za nyuma.