Karatasi moja ya labo: kwa nini tunasimulia vibaya kesi ya Sally Clark

Mu kozi ya biometri, prof wetu alitupatia kesi ya Sally Clark kwa dakika kumi hivi, kisha akafuta ubao. Mama mmoja wa Uingereza amepoteza watoto wawili, daktari anazidisha namba vibaya mbele ya korti, mama anafungwa. Somo lake: usizidishe probabilite kama matukio hayajitegemei. Tukaandika mu kaye, tukatoka kwenda kutafuta beignets.

Juzi nimesoma hukumu yenyewe ya rufaa, ile ya 2003. Niko naona tulipewa nusu ya hadithi, tena nusu ile inayotupendeza sisi watu wa sayansi, juu ndani yake sisi njo wenye akili na korti njo haijui hesabu. Nusu ingine inatugusa wenyewe, pengine njo maana hatuisimulie.

Tuanze na mambo yenyewe. Sally Clark alikuwa mwanasheria, na bwana yake pia. Mtoto wao wa kwanza alikufa Desemba 1996 akiwa na wiki 11. Wa pili akakufa Januari 1998 akiwa na wiki 8. Novemba 1999, korti ya Chester ikamuhukumu kifungo cha maisha kwa kuua wote wawili. Juri ya raia iligawanyika: 10 walisema ana hatia, 2 walikataa.

Namba ya sifa ilitoka kwa profesa Roy Meadow, daktari wa watoto. Alichukua uchunguzi uliosema kwamba mu familia yenye mshahara, isiyovuta tumbako, na mama yake amepita miaka 26, kifo cha ghafla cha mtoto mchanga kinafika mara moja kwa watoto 8543. Akazidisha hiyo namba kwa yenyewe, akapata moja kwa milioni 73.

Sisi wa agronomia hatuna haja ya daktari kutuonyesha kosa. Ukipanda parseli mbili mu bloku moja, udongo ni ule ule, maji ni yale yale, kivuli cha mti ule ule. Ya kwanza ikikauka, hauwezi kusema ya pili haina sababu ya kukauka. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mu nyumba moja, ni parseli mbili za bloku moja. Tena hata kama namba ingekuwa sawa, ingepaswa kupimwa na namba ya mama anayeua watoto wake wawili, na hiyo pia ni kitu cha nadra sana. Oktoba 2001, Royal Statistical Society, chama cha wanatakwimu wa Uingereza, ilitoa tangazo kukataa ile hesabu.

Hapo njo prof wetu aliishia. Sasa uliza: kama kosa lilikuwa namba, kwa nini rufaa ya kwanza, Oktoba 2000, ilikataliwa? Majaji walikubali kwamba namba ilikuwa na shida. Lakini walisema ushahidi mwingine ulikuwa mzito sana, kwa hiyo namba haikubadilisha kitu. Mimi niko nakosoa hapa kwanza. Ule ushahidi mwingine ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka juu ya meza ya daktari mmoja aliyepasua maiti za watoto wote wawili, Alan Williams.

Tuangalie kazi yake. Mtoto wa kwanza, aliandika kwamba alikufa na ugonjwa wa njia ya hewa. Wa pili alipokufa, akarudi nyuma, akabadilisha: sasa wa kwanza alizibwa pumzi. Kwa wa pili alisema kwanza kwamba alitikiswa, kati ya mengine juu ya damu aliyoona nyuma ya macho. Wataalamu wengine walipoangalia, hiyo damu ya macho haikuwepo vile alisema, na mbele ya korti mashtaka yakageuka kuwa kuzibwa pumzi. Ushahidi unaobadilika hivi unaitwaje mzito? Mwanafunzi anayebadilisha konklusio ya memware yake mara mbili bila data mpya, jury haiwezi kumuacha apite hivi hivi.

Lakini kitu kilichovunja hukumu kiko kingine. Alipopasua mtoto wa pili, Williams alituma sampuli labo. Majibu yakarudi: bakteria ya Staphylococcus aureus sehemu kadhaa za mwili, hata mu maji ya uti wa mgongo, pamoja na chembe za damu zile ambazo mwili unatuma kupigana na ugonjwa. Hayo majibu hakuyaweka mu ripoti yake. Hakuwaambia wanasheria wa Sally. Juri haikuyaona. Rufaa ya kwanza haikuyaona. Yalikuwa yamelala mu faili za hospitali.

Nani aliyafukua? Si polisi, si daktari, si majaji. Ni bwana yake na mwanasheria mmoja, Marilyn Stowe, aliyefanya kazi bila malipo, waliong'ang'ania kupata karatasi za hospitali. Ndipo tume ya Uingereza inayochunguza upya hukumu za jinai, iliyoanza kazi mu 1997, ikarudisha kesi mbele ya majaji wa rufaa. Tarehe 29 Januari 2003 hukumu ikafutwa, kisha miaka zaidi ya 3 ya jela.

Mu sababu walizoandika, majaji walisimamia kwanza juu ya ile karatasi ya labo. Kuhusu namba, walisema hata yenyewe ingeweza pengine kutosha kufuta hukumu. Ila mlango uliofunguka kweli ni ule wa labo. Lakini tazama sisi tunakumbuka nani. Meadow anajulikana dunia nzima: mu 2005 baraza la madaktari lilimuondoa, 2006 korti ikamrudisha. Williams pia mu 2005 alipatikana na kosa, akakatazwa miaka 3 kufanya kazi ya kupasua maiti kwa ajili ya serikali. Nani mu oditware yetu aliwahi kusikia jina lake?

Kuna wenye kupinga, na nawaheshimu. Wanasema ile bakteria inaweza kuingia mu maiti kisha kifo, haionyeshe kwamba mtoto aliuliwa na ugonjwa. Ni kweli wataalamu hawakupatana juu ya hiyo. Williams mwenyewe alijitetea kwamba kwa maoni yake majibu hayakuwa na uzito juu ya sababu ya kifo. Pengine hata alikuwa na haki kuhusu bakteria. Lakini ile haikuwa kazi yake kukata peke yake. Juri ndiyo ilipaswa kusikia wataalamu wakibishana, kisha kuamua. Yeye aliamua mu nafasi yao, kimya, kwa kuacha karatasi moja pembeni.

Hapa njo inanigusa. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilikuwa agent wa shamba mu mradi mmoja wa mbegu za maharagwe, mu vilima vya Walungu. Kontrati ilisema mkulima akikosa mavuno kwa uzembe, anarudisha bei ya mbegu. Mama mmoja, shamba lake likawa la njano, likafa. Alikuwa amechelewa kupalilia, niliona kwa macho. Nikaandika: uzembe. Lakini mu kaye yangu nilikuwa na kipimo cha udongo wake: pH 4,6. Kila mtu aliyesoma agronomia anajua maharagwe yanafanya nini mu udongo mkali vile. Sikukiweka. Fomu haikuwa na nafasi ya pH, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamua kwamba sababu ni majani.

Mama aliuza mbuzi, akalipa. Miezi kisha, nikiwa napanga makaye, nikaona ile namba. Nilirudi kwa mradi, wakaniambia dosye imefungwa. Nilirudi kwa mama kumuelezea. Aliniuliza tu: "Mwana wangu, siku ile ulikuwa unaijua?" Nilijibu ndiyo, mama. Hakuongeza kitu, akaendelea kupepeta mahindi yake.

Sikudanganya hata neno moja mu ripoti ile. Kila kitu nilichoandika kilikuwa kweli. Njo maana naogopa zaidi kosa la Williams kuliko la Meadow. Kosa la Meadow liko mbele ya kila mtu, mwenye kujua hesabu analiona na anaweza kulipinga. La Williams haliwezi kupingwa, juu hakuna anayejua kwamba liko.

Kwetu pia, sheria ya 2013 juu ya utaratibu wa Cour de cassation inaruhusu kuomba hukumu ya jinai ichunguzwe upya kama kumepatikana jambo au karatasi ambayo majaji hawakuijua. Ni vizuri. Lakini Sally Clark alikuwa mwanasheria, bwana yake mwanasheria, na bado ilichukua miaka. Mtu wa kijiji, aliyehukumiwa juu ya ripoti ya daktari mmoja tu, nani atamufungulia faili za hospitali? Mlango uko, ila ufunguo uko mu mfuko wa mtaalamu.

Sally Clark alikufa Machi 2007, akiwa na miaka 42. Familia yake ilisema hakuwahi kupona na yale yaliyompata. Korti ilifuta hukumu, haikuweza kufuta ile miaka.

Kwa hiyo wenzangu, madaktari, agronomu, wanasheria, wajeolojia: watafundisha tu namba milioni 73, na ni lazima. Lakini siku utakapotia sinyatire yako ya kwanza chini ya ripoti, fungua tena kaye yako. Angalia ni karatasi gani umeiacha pembeni, na uiweke ndani, hata kama fomu haina nafasi yake. Hasa kama inapinga kile ulichoamua.