Neno "Mtambaazi" Halitoshi: Juu ya Mimea ya Mapambo Ipandayo Kutani

Katika maandishi yahusuyo bustani, mimea ya mapambo ambayo mashina yake hayawezi kusimama peke yake mara nyingi huitwa kwa jina moja: mitambaazi, au mimea itambaayo. Neno hili lina sifa zake. Ni fupi, lafahamika, na limetokana na kitenzi cha watu wote. Hata hivyo, kwa maoni yetu, halifai kuwa istilahi, kwa sababu mbili.

Kwanza, kutambaa ni kwenda chini kwa chini. Mtoto hutambaa, nyoka hutambaa, na mtikiti hutambaa shambani. Wanabiolojia nao hulitumia neno hilo kwa mijusi, kobe na jamaa zao. Bogenvilia iliyofunika lango haikutambaa, imepanda. Huenda mtu akapendekeza "mpandaji", lakini huyo ni mtu mwenye jembe na mbegu. Twaonelea kitenzi "kuparamia" chafaa zaidi, maana chabeba fikra ya kupanda kwa kushikilia. Basi tuseme "mmea uparamiao".

Pili, na hii ndiyo hoja kubwa, jina moja laficha jambo ambalo mtunza bustani hana budi kulijua: mmea washika kwa kitu gani? Mwaka 1865 Charles Darwin alichapisha uchunguzi wake juu ya mimea hii, akaigawa katika mafungu manne. Mafungu hayo yaelezeka kwa Kiswahili pasipo kuazima neno.

Mmea uzongao huzungusha shina lake lote kwenye mhimili. Ndivyo ifanyavyo Thunbergia grandiflora yenye maua ya samawati, na ndivyo kifanyavyo kiazi kikuu. Huu wataka nguzo au waya. Mmea wa vikono hutoa nyuzi laini zijikunjazo kwenye kitu chembamba zikigusacho, kama mkarakara na mtango. Wenzake wa fungu hili hushika kwa vikonyo vya majani. Huu wataka fito. Ukuta mtupu hauusaidii. Mmea wa miiba, kama bogenvilia, hujinasa katika matawi ya jirani. Ukutani sharti ufungwe. Mmea wa mizizi, kama Ficus pumila, hunata wenyewe ukutani, jinsi mpilipili manga unatavyo kwenye miti huko Unguja na Pemba. Huu hauhitaji fito bali tahadhari, kwani ukibanduliwa huweza kuondoka na rangi, hata na lipu.

Mfasiri aandikaye "panda mtambaazi kando ya ukuta" hajakosea sarufi. Lakini msomaji mwenye bogenvilia atauona mmea wake ukilala chini, na mwenye Ficus pumila atakuja kulipia fundi. Kosa la istilahi hapa lina gharama.

Hatudai kuwa mafungu hayo manne yamemaliza kazi. Alamanda, yenye maua ya manjano, haina kikono, mwiba wala mzizi wa kushikia; huegemea tu. Hiyo yastahili kuitwa mmea uegemeao, na kuongezwa kuwa fungu la tano.

Twawaomba walimu na wafasiri wayapime maneno haya katika kazi zao. Yatakayokataliwa na mtunza bustani, nasi tutayaacha.