Uhuru wa Taifa, Uhuru wa Roho na Suala la Shamba: Uhakiki wa Dhana Moja katika Mwambao wa Rumonge

Kiswahili hutumia neno moja, uhuru, kwa mambo mawili ambayo Kirundi huyatenga. Kirundi husema ukwikukira kwa nchi kujitawala, na umwidegemvyo kwa hali ya mtu asiyebanwa. Kizuka na kwingineko katika mwambao wa Rumonge, ambako lugha hizi hukutana, neno hilo la Kiswahili hubeba maana zote mbili kwa pamoja. Muungano huo una nguvu, lakini hurahisisha madai mawili: kwamba uhuru wa taifa huzaa uhuru wa roho, na kwamba aliye huru kiroho hana haja ya kudai kingine. Makala haya yanaonesha kuwa historia ya Burundi inayakanusha yote mawili.

Dai la kwanza linakanushwa na vitendo vya dola. Burundi ilijitawala tarehe 1 Julai 1962. Hata hivyo, chini ya Jean-Baptiste Bagaza (1976–1987), serikali iliwafukuza wamisionari wengi, ikatwaa shule za Kanisa Katoliki na kuzuia ibada za siku za kazi. Yawezekana kutetea hatua hizo kwa hoja kwamba Kanisa lilifungamana na ukoloni. Hoja hiyo haikosi msingi, ila aliyefungiwa mlango wa kanisa siku ya kazi hakuwa mkoloni, bali raia wa taifa huru.

Dai la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa huvaa vazi la imani. Mwishoni mwa Aprili 1972, mashambulizi ya waasi yaliyozuka Rumonge na Nyanza-Lac yalifuatwa na mauaji ya halaiki yaliyotekelezwa na dola dhidi ya Wahutu. Wengi walikimbilia Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yaliingia mikononi mwa wengine, mara nyingine kwa kugawiwa na serikali. Waliorejea baada ya miongo mitatu walikuta familia nyingine zimeota mizizi humo. Kumwambia mrejeaji kwamba yu huru katika Kristo, kwa hiyo asamehe na kunyamaza, ni kuugeuza uhuru wa roho kuwa mbadala wa haki. Sura ya tano ya Waraka kwa Wagalatia, ambayo hutegemewa sana katika mafundisho haya, haiishii kwenye kufunguliwa. Huendelea hadi kwenye wajibu wa kumtumikia jirani. Na jirani huyo ni pamoja na mkaazi aliyepewa shamba bila kosa lake.

Ugumu huo ulijitokeza katika Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoanzishwa mwaka 2006. Chini ya Padri Astère Kana, tume ilielekea kuwashawishi wahusika wagawane shamba. Chini ya Sérapion Bambonanyire, ilielekea kumrejeshea mrejeaji mali yake yote. Wote wawili walikuwa watumishi wa Kanisa. Imani, basi, haikutoa kanuni moja ya kugawa ardhi.

Je, uhuru wa roho hauna uzito wowote wa kisiasa? Tukio la Buta, huko Bururi, linajibu. Tarehe 30 Aprili 1997, wanafunzi wa seminari ndogo waliamriwa na washambuliaji wajitenge, Wahutu kando na Watutsi kando. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Uhuru wao haukuwa wa kujificha moyoni mbali na siasa. Ulikuwa kukataa kumtoa jirani auawe ili wao wapone. Hapa uhuru wa roho ulidai zaidi ya haki, haukudai pungufu yake.

Kipimo kinachotokana na hayo ni kimoja: uhuru unaohubiriwa unamwacha jirani katika hali gani? Kwa washauri wa sera, jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja. Mipango ya maridhiano inayoandikwa kwa Kiswahili ibainishe ni uhuru upi unaokusudiwa. Msamaha usifanywe sharti la kusikilizwa kwa shauri la ardhi. Na viongozi wa dini wanaoalikwa kupatanisha wasiwe badala ya mahakama. Mrejeaji anaweza kusamehe asubuhi na kudai shamba lake mchana, na imani yake isipungue.