Hofu kwa Kupunguza: Jinsi Clipping Walivyoijenga Albamu ya Kutisha

Hip hop ya kutisha ina mazoea yake ya siku nyingi: ukitaka msikilizaji aogope, ongeza. Ongeza damu kwenye mistari, ongeza kengele na mayowe, kisha mchanaji asimame katikati atangaze kwamba muuaji ni yeye. Gravediggaz walipita njia hiyo mwaka 1994. Vijana wa Memphis nao waliipita kwenye kanda zao za kaseti, hadi Three 6 Mafia walipotoa Mystic Stylez mwaka 1995. Kazi hizo ni msingi, nami naziheshimu. Lakini ufundi mkubwa zaidi ninaouona katika uwanja huu umekwenda kinyume. Umepunguza.

Kazi yenyewe ni There Existed an Addiction to Blood, albamu ya kundi la Clipping la Los Angeles, iliyotolewa na Sub Pop Oktoba 2019. Anayechana ni Daveed Diggs, ambaye wengi wanamjua kwa igizo la Hamilton lililompa tuzo ya Tony mwaka 2016. Midundo ni ya William Hutson na Jonathan Snipes, wawili waliotunga pia muziki wa Room 237, filamu inayochambua The Shining. Hawa ni watu wanaojua sauti inavyomshika mtazamaji kabla jambo lolote halijatokea.

Kitu cha kwanza walichokiondoa ni “mimi”. Tangu kundi lianze, Diggs anafuata sharti la kutochana katika nafsi ya kwanza. Kwa hip hop hilo ni sawa na kung'oa nguzo ya nyumba, maana mchanaji huaminiwa kwa sababu anasema: nilikuwepo, niliona, nilifanya. Tukilitazama kwa Kiswahili, sharti hili limemnyang'anya kiambishi ni- na kumwachia a-, wa- na u-. Hiyo u- ndiyo yenye sumu. Muuaji akisema “nimeingia”, wewe uko salama upande wa pili wa spika. Msimuliaji asiye na jina akisema “umesikia mlango”, aliye ndani ya nyumba ni wewe.

Sikiliza wimbo wa Nothing Is Safe. Unaanza na noti ya kinanda inayogongwa na kurudiwa, bila haraka, na ngoma hazina pupa ya kuingia. Ni heshima kwa John Carpenter, mwongozaji aliyejitungia mwenyewe muziki wa Assault on Precinct 13 mwaka 1976 na Halloween mwaka 1978. Katika filamu ile ya kwanza, genge linakizingira kituo cha polisi. Clipping wameigeuza: waliozingirwa ni vijana katika nyumba ya kuuzia dawa za kulevya, na wanaokuja gizani ni polisi. Noti haibadiliki, ila maana yake inabadilika kila mstari unapopita.

Cha pili walichokiondoa ni biti. Katika Run for Your Life wamemwalika La Chat, mchanaji wa kike wa Memphis, na hivyo kulipa deni lao kwa mji ule. Hadithi ni ya mtu anayewindwa usiku. Mdundo hauko chini ya sauti kama ilivyo kawaida. Unapita, kana kwamba unatoka kwenye spika za magari barabarani: unakuja, unajaa, unakwenda zake. Ukiondoka, linabaki giza na pumzi. Hapo biti imekuwa mahali, na ukimya umekuwa adui.

Mwisho wameondoa hata maneno. Wimbo wa La Mala Ordina unamezwa na kelele za msanii The Rita hadi mistari isiwe na pa kusimama. Albamu inafungwa na Piano Burning, utunzi wa Annea Lockwood wa mwaka 1968: kinanda kilichokwisha kuharibika kinachomwa moto, nasi tunasikia nyuzi na mbao zikikatika kwa takriban dakika 18. Hakuna anayechana. Najua wasikilizaji wengi huzima hapo, na ni kweli kwamba dakika hizo zinadai uvumilivu. Lakini bila hizo hesabu isingetimia: mtu ametoka, mdundo umetoka, neno limetoka, umebaki moto.

Jina la albamu linaeleza sababu ya yote hayo. Limetoka katika Ganja & Hess, filamu ya mwaka 1973. Wenye fedha walitaka filamu ya mnyonya damu ya kuwauzia watazamaji Weusi. Mwongozaji, Bill Gunn, akawapa filamu kuhusu uraibu, isiyo na joho wala meno marefu. Naye aliondoa zimwi, akaacha njaa yake.

Kwa wachanaji na maprodyuza wetu, naomba mjaribu jambo moja. Chukueni kisa cha kutisha mnachokijua, kichaneni bila ni- hata moja, kisha zimeni biti pale mnapodhani inahitajika zaidi. Kiswahili kinabeba nafsi ndani ya kitenzi, hivyo badiliko la herufi chache tu linamhamisha msikilizaji kutoka kibarazani hadi chumba cha ndani. Zana hiyo tunayo tayari.