Elfu Nane Ilikuwa Kosa

Kila mwenye seva, kuanzia Darajani hadi Shangani, anakumbuka Januari 31, 2017: fundi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta folda ya kanzidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ya akiba. Katika GB 300 hivi zikabaki 4.5. Urejeshaji ulionyeshwa moja kwa moja YouTube, na uwazi ule ulistahili sifa.

Kosa la kujadiliwa, hata hivyo, ni namba: 8000.

Kabla ya kufuta, fundi alipandisha max_wal_senders, kikomo cha miunganisho ya kunakili data, kutoka 3 hadi 32. PostgreSQL, programu ya kanzidata yao, ikagoma kuwaka, ikilalamika semafo zimezidi. Ndipo macho yakaangukia max_connections, kikomo cha miunganisho yote: 8000, na ilikuwa hivyo karibu mwaka mzima. Ikashushwa hadi 2000, ikawaka.

Nani aliyeona 8000 ni busara? Chaguo-msingi ni 100, na si kwa ubahili. PostgreSQL hufungua mchakato mzima kwa kila muunganisho, na kila upangaji wa data waweza kula MB 4 za work_mem. Miunganisho 8000 ikipanga kwa pamoja ni karibu GB 32, na prosesa ni zilezile. Ni sawa na kuwaingiza wateja wote wa Forodhani nyuma ya meza ya muuza urojo mmoja.

Tabia hii haijafa. Seva ikikataa wageni, kikomo kinapandishwa, RAM inanunuliwa, na pg_stat_activity, orodha ya miunganisho na kinachofanywa na kila mmoja, haifunguliwi. Humo mara nyingi kumejaa “idle in transaction”: programu imeanza muamala, ikaenda zake, haikurudi. Tangu toleo 9.6 la mwaka 2016 kuna idle_in_transaction_session_timeout ya kuwatoa hao. Mstari mmoja tu.

Wahandisi wa Skype walilimaliza jambo hili 2007 kwa PgBouncer: programu nyingi mlangoni, miunganisho michache ndani. GitLab nao waliiweka baadaye.

Mfumo wa DHIS2, unaobeba takwimu za vituo vya afya vya Unguja na Pemba juu ya PostgreSQL, huja na kikomo cha miunganisho 80. Anayetaka kukipandisha mwisho wa mwezi, ripoti zinapomiminika, aonyeshe kwanza pg_stat_activity inasema nini.